Uzi: Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige

Mbukuzi

Wakuu, kila mjadala wa afya humu ndani lazima atokee mtu aandike kwamba "ubongo ndio unaouamrisha moyo upige". Leo naleta uzi tumalizane na hili.

Moyo wa chura ukitolewa kifuani mzima, ukawekwa kwenye maji yenye chumvi za kiasi kinachofaa, unaendelea kupiga. Haupigi mara mbili tatu za kukata roho, unaweza kwenda saa na saa. Neva zimekatwa zote, uti wa mgongo haupo, ubongo haupo. Galen, tabibu wa karne ya 2, alishaliona jambo hilo kwa wanyama na kuliandika. Kwa hiyo kwamba moyo unajipigia wenyewe si habari mpya, ina zaidi ya miaka 1,800. Kilichochelewa ni kujua unafanyaje.

Ushahidi wa pili ni wa mimba. Moyo wa binadamu unaanza kujikaza kwenye siku ya 22 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo ni kijibomba tu, hakuna neva hata moja iliyoufikia, na huo ubongo wa kutoa amri bado ndio kwanza unajikunja kutoka kwenye tabaka la seli. Sasa amri inatoka wapi?

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Chukua moyo wa kifaranga ambacho bado kimo ndani ya yai, uutenganishe seli moja moja, uzimwage kwenye kisahani cha maabara. Baada ya muda utaziona chini ya hadubini baadhi zikijikaza na kulegea, kila moja na mwendo wake. Ziache zikue mpaka zigusane. Zikigusana zinaanza kupiga kwa pamoja, na anayefuatwa ni yule mwenye kasi kuliko wenzake. Hapo hakuna aliyechaguliwa kuwa kiongozi. Mwepesi anawawahi wengine kabla zamu yao haijafika, basi.

Ndani ya moyo mzima ni hivyo hivyo. Seli zenye kasi kuliko zote zimekusanyika kwenye kisehemu kidogo ukutani mwa chumba cha juu cha kulia, pale mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia. Kisehemu hicho kinaitwa nodi ya sainasi. Urefu wake ni kama sentimita moja na nusu. Kiligunduliwa na Arthur Keith na Martin Flack, wakachapisha mwaka 1907. Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, na moyo aliokuwa akiuchunguza chini ya hadubini ulikuwa wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba ardhi.

Jambo moja la kuchekesha kwenye historia hii ni kwamba njia ya umeme wa moyo iligunduliwa kinyumenyume. Jan Purkyně aliona nyuzi za mwisho kabisa, zile za kwenye kuta za vyumba vya chini, mwaka 1839. Wilhelm His mdogo akaona fungu linalozilisha, 1893. Mjapani Sunao Tawara, akiwa Marburg, Ujerumani, akaonyesha mwaka 1906 nodi ya katikati ambako fungu hilo linaanzia. Ndipo Keith na Flack wakafika kwenye chanzo. Walianzia mwisho wa njia wakapanda hadi ilikoanzia.

Nikirudi nitaeleza seli moja inafanyaje hasa. Karibuni.

Kimya Kingi

Nimekaa mbele kabisa. Mkuu usituache njiani kama nyuzi zako nyingine.

Mpinga Hoja

Mbukuzi, hadithi nzuri lakini jibu swali dogo. Mtu akikatwa kichwa moyo unasimama au hausimami? Akivunjika shingo vibaya, anakufa au hafi? Kama moyo haumtegemei ubongo, basi angeendelea kuishi. Hayo ya vyura waachie vyura.

Mbukuzi

Mkuu Mpinga Hoja, hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake liko kwenye pumzi.

Kupumua kunaitegemea kabisa sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Kila mvuto wa hewa unaoingia unatokana na ishara inayotoka huko, inapita kwenye neva zinazochomoza shingoni, inafika kwenye kiwambo kilicho chini ya mapafu. Kiwambo hakina mwendo wake. Kikikosa ishara kinalala. Ndiyo maana shingo ikivunjika juu sana, mtu anaacha kupumua papo hapo.

Moyo wake unaendelea kupiga. Ila unapiga damu ambayo haiongezwi oksijeni, na misuli ya moyo ni mlafi wa oksijeni kuliko karibu kiungo kingine chochote. Baada ya dakika chache unachoka, mdundo unavurugika, unasimama. Umesimama kwa njaa, haukusimama kwa kukosa amri. Aliyekatwa kichwa ndiyo zaidi, maana damu yote inamwagika na moyo unabaki hauna cha kusukuma.

Mweke huyo wa shingo kwenye mashine ya kupumulia mapema uone. Moyo utaendelea.

Nesi wa Usiku

Naomba niongezee hapo kwa sababu ndiyo kazi yangu, wodi ya wagonjwa mahututi.

Tunapata mgonjwa ambaye ubongo wake wote umekufa, hadi ile sehemu ya chini. Vipimo vinarudiwa na madaktari zaidi ya mmoja, majibu yale yale. Lakini yuko kwenye mashine ya kupumulia, kifua kinapanda na kushuka, na kwenye skrini moyo unapiga vizuri kabisa. Sasa kaeni chini na familia mwambie mama kwamba mwanawe amefariki huku ameushika mkono wa mtoto na una joto. Kila mara swali ni lile lile: "Mbona moyo unapiga?" Najibu kwamba moyo wake hauhitaji ubongo ili upige, unahitaji hewa, na hewa inaingizwa na mashine. Wengine wanaelewa. Wengine hawataki kuelewa siku hiyo, na siwalaumu.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: mapigo ya mgonjwa wa namna hiyo yamenyooka mno. Kwa mtu mzima wa afya, ukitazama vizuri, moyo unaongeza kasi kidogo akivuta pumzi na kupunguza akiitoa. Ubongo ukifa, kule kupanda na kushuka kunapotea. Ukimchoma atropini, dawa ambayo kwa kawaida inaongeza mapigo, haibadilishi kitu. Mbukuzi ataeleza kwa nini, mimi naingia zamu.

Mpinga Hoja

Nesi asante, hapo umeongea kitu. Lakini hujanimaliza. Kama ubongo hauna kazi kwenye moyo, kwa nini nikishtuka moyo unaenda mbio?

Mbukuzi

Hakuna aliyesema hauna kazi. Ubongo hauwashi mapigo, unayabadilisha mwendo. Nitafika huko, ila ngoja kwanza nimalizie seli, maana bila hiyo mengine yatakuwa maneno matupu.

Seli nyingi za mwili, ukiziacha, zinatulia. Ndani yake kuna chaji hasi ukilinganisha na nje, na hiyo chaji inakaa pale pale mpaka kitu kije kiisumbue. Seli ya msuli wa mguu inaweza kukaa hivyo siku nzima ikisubiri neva. Seli ya nodi ya sainasi haina utulivu huo. Utando wake unavuja.

Ifikirie kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha, ndoo ambayo ikijaa hadi alama fulani inapinduka yenyewe, inamwaga yote, inarudi wima na kuanza kujaa upya. Hakuna mtu anayeipindua. Mwendo wa kupinduka unategemea tu kasi ya matone.

Matone yenyewe ni sodiamu. Seli ikiwa imefika chini, karibu milivolti -60, kuna vitundu maalumu kwenye utando wake vinafunguka na kuruhusu chembe za sodiamu zenye chaji chanya kuingia taratibu. Hapa kuna ajabu yake. Vitundu vingi vya aina hii kwenye neva na misuli hufunguka chaji inapopanda. Hivi vinafunguka inaposhuka, yaani kitendo cha seli kumaliza pigo moja ndicho kinachofungua mlango wa pigo linalofuata. Waliouchunguza mkondo huu kule Oxford na kuchapisha mwaka 1979, Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble, waliuona wa kichekesho kiasi kwamba wakaupa jina la utani, "mkondo wa ajabu", na jina limebaki hadi leo kwenye vitabu vya kisayansi.

Chaji ikipanda hadi karibu milivolti -40, vitundu vya kalsiamu vinafunguka kwa pamoja, kalsiamu inamiminika ndani, na hiyo ndiyo ishara ya pigo. Inadakwa na seli jirani, maana seli za moyo zimeunganishwa kwa vijinjia vinavyopitisha umeme moja kwa moja kutoka seli hadi seli. Kisha potasiamu inatoka nje, chaji inashuka tena hadi -60, vitundu vya sodiamu vinafunguka. Mzunguko umerudi mwanzo. Hakuna hatua hata moja ambapo seli inaweza kukaa na kusubiri.

Kuna msaidizi mwingine pia: ndani ya seli hiyo hiyo kuna ghala la kalsiamu ambalo linavuja kwa vipindi, na mivujo hiyo inasukuma chaji ipande haraka zaidi. Wanasayansi wamebishana sana ni ipi kati ya njia hizi mbili yenye usemi mkubwa. Mimi naona zinategemeana, na nadhani hata wao wengi wameishia hapo.

Ishara ikishatoka inaenea vyumba vya juu, inafika kwenye nodi ya Tawara, na hapo inapunguzwa mwendo kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Ucheleweshaji huo ndio unaovipa vyumba vya juu nafasi ya kumalizia kumimina damu chini. Halafu inapita kwenye fungu la His na nyuzi za Purkyně kwa kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde, vyumba vya chini vinajikaza karibu wakati mmoja.

Sasa ubongo, Mpinga Hoja. Nodi ya sainasi ikiachwa peke yake kabisa, neva zote zimezimwa kwa dawa, haiendi mapigo 70 kwa dakika. Inaenda zaidi. Kuna kanuni iliyopatikana kwa kuwapima watu wenye afya namna hiyo: 118.1 ukitoa 0.57 mara umri. Kijana wa miaka 20 anapata karibu 107, mzee wa miaka 60 karibu 84. Lakini ukijipima ukiwa umekaa unasoma uzi huu, huenda uko 65 au 75. Maana yake ni kwamba muda mwingi wa maisha yako ubongo hauusukumi moyo. Unauzuia.

Kizuizi hicho kinapita kwenye neva ya vagasi. Ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha mwaka 1845 kwamba ukiisisimua kwa umeme, moyo unapunguza mwendo na unaweza hata kusimama. Ilikuwa kituko kwa wakati wao, maana walizoea kwamba neva ikisisimuliwa kiungo kinafanya kazi zaidi, si pungufu. Ukishtuka, ubongo unaachia vagasi kwanza, halafu neva za upande wa pili na adrenalini zinaongeza kasi. Zote zinachofanya ni kubadilisha kiasi cha kuvuja kwa utando. Atropini ya Nesi inaikata kauli ya vagasi. Kwa mgonjwa ambaye ubongo umekufa, vagasi haina kauli ya kukatwa.

Kimya Kingi

Kwa hiyo wanaozimia wakiona damu ni vagasi hiyo hiyo imezidisha?

Mbukuzi

Sehemu ni hiyo. Moyo unapunguza mwendo ghafla na mishipa inalegea kwa pamoja, shinikizo la damu linashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha. Ukilala chini unarudi.

Binti wa Jirani

Naomba kuuliza jamani, mzazi wangu amepewa ivabradini kwa ajili ya moyo. Inahusiana na haya?

Mbukuzi

Inahusiana moja kwa moja dada. Dawa hiyo inaziba vile vitundu vya mkondo wa ajabu, kwa hiyo chaji inapanda polepole na mapigo yanapungua, bila kudhoofisha nguvu ya msuli kujikaza. Mengine ya kipimo na muda mwachie daktari wake, na asiache dawa kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

Fundi Umeme

Wakuu mmeongea sana kuhusu wafu na vyura, mmewasahau waliopandikizwa moyo. Moyo wa kupandikizwa unakatwa neva zote unapotolewa kwa mtoaji, na daktari haziungi. Anaunga mishipa ya damu tu. Christiaan Barnard alipofanya upandikizaji wa kwanza kwa binadamu, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, moyo ule ulipiga ndani ya kifua cha Louis Washkansky bila waya hata mmoja kutoka kwenye ubongo wake. Aliishi siku 18, na kilichomuua ni nimonia, mapigo hayakuwa tatizo.

Mjomba wangu ni mmoja wao, wa miaka ya karibuni. Akiwa ametulia tu mapigo yake hayashuki chini ya 90. Akipanda ngazi, moyo unabaki ulivyo kwa dakika ya kwanza kana kwamba haujui mwenyewe anahangaika, halafu unaanza kupanda taratibu. Akikaa chini kupumzika, bado unakimbia kwa muda mrefu. Daktari wake alimweleza kwamba unaongozwa na adrenalini iliyomo kwenye damu, na adrenalini inachelewa kufika na inachelewa kuondoka. Ameambiwa pia asitegemee maumivu ya kifua kumuonya, kwa sababu neva za kupeleka maumivu nazo hazipo.

Mpinga Hoja

Hiyo ya ngazi imenigusa. Sawa, nakubali kwa moyo wa kupandikiza. Lakini mimi nimesoma kwamba moyo una ubongo wake mdogo, neva maelfu, unafikiri na unakumbuka. Labda hizo ndizo zinazoupigisha, nyie mnasema hakuna neva.

Mbukuzi

Neva zipo. Juu ya moyo, hasa kwenye mafuta ya vyumba vya juu, kuna vifundo vyenye seli za neva maelfu kwa maelfu, na vinasaidia kurekebisha mwendo hapo hapo bila kuuliza kichwani. Hadi hapo uko sahihi. Lakini havianzishi pigo. Rudi kwenye kisahani cha maabara: seli ya msuli peke yake, bila neva hata moja, inapiga. Kuhusu kufikiri na kukumbuka, sijaona ushahidi wa maana, naona ni habari za kuuzia vitabu.

Ila swali lako lina heshima yake, maana mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi waligawanyika kambi mbili juu ya jambo hilo hilo. Walter Gaskell wa Cambridge alitumia moyo wa kobe. Akikata vipande vya msuli visivyo na vifundo vya neva, vinaendelea kupiga, naye akasema chanzo ni msuli. Wapinzani wake walikuwa na mnyama wao pia. Mwaka 1904 hivi Anton Julius Carlson, Marekani, alionyesha kwamba kwa kaa-farasi wa baharini, anayeitwa Limulus, ukiondoa kamba ya neva iliyolala juu ya moyo, moyo unasimama kabisa. Kwa kaa wa kawaida na kambakoche ni hivyo pia: kifundo chenye seli 9 tu za neva ndicho kinachoendesha moyo mzima. Seli tisa! Kwa hiyo wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa mnyama wake. Sisi tuko kambi ya kobe.

Nesi wa Usiku

Nimetoka zamu. Mbukuzi umeiacha hadithi ya Loewi, na ndiyo tamu kuliko zote.

Otto Loewi alitaka kujua vagasi inauambiaje moyo upunguze mwendo, kwa umeme au kwa kemikali. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio lilimjia usingizini, akaamka akaliandika kwenye karatasi, asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata likarudi, safari hii akaondoka moja kwa moja kwenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, mmoja una vagasi yake, mwingine hauna. Akasisimua vagasi ya wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye wa pili. Nao ukapunguza mwendo. Kilichokuwa ndani ya yale maji ni kemikali inayoitwa asetilikolini. Alichapisha 1921, na mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Jaribio lote lisingewezekana kama mioyo iliyotolewa mwilini isingekuwa inapiga yenyewe.

Kimya Kingi

Swali la mwisho kwangu. Hiyo nodi ya sainasi ikifa, ndiyo basi?

Fundi Umeme

Hapana mkuu. Nodi ya Tawara inashika, mapigo 40 hadi 60 kwa dakika. Nayo ikishindwa, nyuzi za chini zinajitahidi 20 hadi 40. Zote zina uvujaji ule ule, ila wa polepole, kwa hiyo siku za kawaida huwahiwa na nodi ya juu na hazipati zamu. Kwa mapigo 30 mtu anaweza kuwa hai, lakini kizunguzungu na kuanguka ni vya kila siku.

Hapo ndipo kifaa cha kuratibu mapigo kinapoingia. Cha kwanza kuwekwa ndani ya mwili kilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist, kikawekwa na daktari Åke Senning huko Sweden tarehe 8 Oktoba 1958. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Kifaa kile kilifanya kazi saa chache kikafa. Larsson alibadilishiwa vifaa 26 kwa jumla, akaishi hadi 2001 akiwa na miaka 86, akawazika wote wawili, mhandisi na daktari.

Kimya Kingi

Na moyo wenyewe unaacha kujaribu ukishawekewa kifaa?

Nesi wa Usiku

Hauachi. Vifaa vya sasa vinasikiliza kwanza. Kikipangwa mapigo 60, kinasubiri sekunde moja. Moyo ukijipigia ndani ya muda huo, chenyewe kinanyamaza. Ukichelewa ndipo kinatuma ishara. Kuna wagonjwa ambao kinafanya kazi mara chache sana kwa siku, na wengine ambao kila pigo ni lake.

Tena usidhani kifaa kinamzuia mtu kufa, hilo naulizwa sana. Msuli uliokosa oksijeni haujibu, uuletee ishara kutoka kwenye nodi yake au kutoka kwenye betri. Kifaa kitaendelea kutuma, na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kitaendelea kuchora vijistari vyake hata kama moyo umeshaacha kusukuma damu. Ndiyo maana kwa mgonjwa mwenye kifaa tunashika mshipa wa shingo na kusikiliza kifua, hatuiamini skrini peke yake.